Kutafuta Ukoo Wako Mji Mkongwe wa Zanzibar: Mwongozo Kamili wa Safari

Kila mwaka watu hufika Unguja kutoka Dar es Salaam, Mombasa, Maskati, Dubai na London kutafuta kwao. Wengi huondoka na picha za Forodhani na za milango ya nakshi, bila jina hata moja jipya la ukoo. Sababu hujirudia: wamekuja na jina la babu peke yake. Wanafika ofisini, wanamtaja Salim bin Said, wanaambiwa Salim bin Said wamejaa madaftari, na safari inaishia hapo.

Mwongozo huu unasimama juu ya jambo moja. Mjini hapa mtu hutafutwa kwa mtaa wake kwanza, jina baadaye. Mtaa, msikiti aliosali, kazi aliyofanya, na jirani aliyepakana naye ukuta kwa ukuta. Ukiwa na hayo, Salim bin Said wako atajitenga na wenziwe. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Anayeruka tatu za mwanzo hulipa gharama yake akishafika.

Vitu vya kuwa navyo

- Karatasi moja ya nasaba: majina, mitaa, kazi, ndoa na watoto. Iwe karatasi moja tu, ili uweze kuifungua mbele ya mtu kibarazani.
- Nakala za picha za zamani zilizochapishwa kubwa, ukubwa wa ukurasa mzima. Picha halisi ziache nyumbani. Wazee macho yamepungua nguvu, na picha ndogo ya kwenye simu haiwasaidii.
- Nakala za hati zozote: cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, paspoti ya zamani, barua, risiti, hata bahasha yenye muhuri wa posta.
- Daftari na penseli. Vyumba vya kusomea nyaraka kwa kawaida havitaki kalamu ya wino karibu na karatasi kongwe.
- Simu yenye nafasi ya kurekodi sauti, na chaja ya akiba.
- Kitambulisho au paspoti. Kwa wageni kutoka nje ya Tanzania, bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar ni ya lazima tangu tarehe 1 Oktoba 2024, na hununuliwa mtandaoni kabla ya kufika.
- Nguo za heshima: bega na goti vifunikwe, na mwanamke awe na mtandio wa kuingilia msikitini, makaburini na majumbani.
- Fedha kidogo ya sukari, majani ya chai au mchele. Haiendwi kwa mzee mikono mitupu.

Hatua ya 1: Maliza ya nyumbani kwanza

Anza miezi mitatu kabla. Kaa na kila mkubwa wa ukoo aliye karibu nawe, mmoja mmoja. Ukiwaweka pamoja, mwenye sauti kubwa atawafunika wengine, na mara nyingi anayejua zaidi ni yule shangazi anayenyamaza pembeni.

Usiulize, "Babu alizaliwa mwaka gani?" Uliza: Alikuwa akikaa mtaa gani? Alisali msikiti gani Ijumaa? Alisoma chuo cha Kurani kwa nani? Kazi yake ilikuwa bandarini, kwenye karafuu, dukani, jikoni kwa watu? Jirani yake nani? Watu walikuwa wakimwitaje? Swali hili la mwisho ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Lakabu hudumu mitaani kuliko jina la cheti. Mtu aliyejulikana kwa lakabu miaka hamsini, ukimtaja kwa jina lake la serikali hata jirani yake anaweza asimtambue.

Umefaulu ukiwa na mambo manne: majina matatu mfululizo (mtu, baba, babu), mtaa mmoja, kazi moja, na tukio moja la kupimia wakati. Likikosekana la mtaa, usikate tiketi bado. Endelea kupiga simu.

Hatua ya 2: Andaa jina kwa sura zake zote

Karani aliyeandika jina la bibi yako huenda alikuwa Mwingereza, Mhindi au Mwarabu, na kila mmoja aliandika alivyosikia. Tengeneza orodha ya kila namna jina linavyoweza kuandikwa: Khamis, Hamis, Khamees, Seif, Sefu, Saif, Abdalla, Abdulla, Abdullah. Hii ndiyo orodha utakayoishika ukipitisha kidole juu ya kila faharasa.

Angalia pia desturi ya mjukuu kupewa jina la babu. Ukiona Salim bin Said, kisha Said bin Salim, kisha Salim bin Said tena, hao ni watu watatu. Wape nambari kwenye karatasi yako, la sivyo utamwoza babu kwa mke wa mjukuu wake.

Jina la mwisho nalo linaonyesha njia. Al-Harthy, Al-Barwani au Al-Riyami linaelekea Oman; Jamal al-Layl linaelekea Hadhramaut na Ngazija. Lakini usilifanye ushahidi kamili. Waliokuwa watumwa na wategemezi wa nyumba kubwa nao walichukua jina la nyumba hiyo, na wazao wao wanalo mpaka leo.

Hatua ya 3: Pima miaka kwa matukio

Wazee wengi hawashiki miaka, wanashika mambo. Andika ngazi hii ndani ya jalada la daftari, kisha uliza "kabla au baada ya":

- 27 Agosti 1896, Waingereza walipoipiga kasri kwa mizinga
- 1897, amri ya kuondoa utumwa kisheria
- 1936, Jubilii ya Sultani, Sayyid Khalifa, na mwaka huohuo shilingi ikashika nafasi ya rupia
- 1948, mgomo mkuu ulioanzia kwa wafanyakazi wa bandarini
- 1951, Vita vya Ng'ombe (ghasia za wakulima juu ya ng'ombe wao), Kiembesamaki
- 1960, kufariki kwa Sayyid Khalifa bin Harub
- Juni 1961, ghasia za uchaguzi
- 12 Januari 1964, Mapinduzi

"Mama alikuwa ameshaolewa wakati wa Jubilii?" ni swali linalojibika. "Aliolewa mwaka gani?" mara nyingi halijibiki.

Hati za zamani hutumia mwaka wa Hijria. Kwa kukadiria, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha jumlisha 622. Mwaka 1318 unakuwa 1278 na kitu. Ongeza 622, unapata 1900. Na ukikuta hati isiyo na tarehe, tazama fedha iliyotajwa: bei ikiwa kwa rupia, kuna uwezekano mkubwa hati ni ya kabla ya 1936.

Hatua ya 4: Chagua majira, na andika mapema

Epuka masika, kuanzia Machi hadi Mei. Mvua ya hapa hufunga watu ndani, na vibaraza hubaki vitupu. Epuka pia juma lenye sikukuu: 12 Januari, 7 Aprili, 26 Aprili, na Idi zote mbili. Ramadhani ina pande mbili. Mchana ofisi hufupisha saa na wazee wamechoka; baada ya tarawehe mji unaamka na watu wanazungumza mpaka usiku mwingi. Kwa safari ya kwanza, yenye kazi ya ofisini, ningechagua mwezi mwingine.

Mwezi mmoja au zaidi kabla ya safari, ziandikie Nyaraka za Taifa Zanzibar zilizoko Kilimani. Eleza unatafuta ukoo gani, mtaa gani, miaka ipi kwa kukadiria, na uulize mambo matatu: kibali gani kinahitajika kwa mtu wa uraia wako, ada ni kiasi gani, na kama kupiga picha hati kunaruhusiwa. Chapisha majibu uje nayo. Anayefika bila kuandika anaweza kutumia siku zake zote akifuatilia kibali.

Panga siku tano za kazi kwa uchache. Boti ya mwendo kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili, kwa hiyo usihesabu siku ya kufika kama siku ya kazi. Ijumaa ihesabu nusu.

Hatua ya 5: Anza mtaani, ofisi baadaye

Siku ya kwanza nenda kwenye mtaa ulioandika kwenye karatasi yako. Nyumba za Mji Mkongwe ni zaidi ya 1,700, lakini mitaa yake ni midogo: Shangani, Malindi, Kiponda, Mkunazini, Sokomuhogo, Hurumzi, Baghani, Vuga. Ndani ya mtaa mmoja kuna misikiti inayokaribiana, na kila msikiti una watu wake.

Hakikisha kwanza kama kwenu ni Mjini au Ng'ambo. Ukoo ukiwa mbali kwa miaka mingi husema "Mjini" kwa yote mawili, na hapa ndipo wengi hupotea. Kikwajuni, Miembeni, Vikokotoni, Kisimamajongoo na Mwembetanga ni Ng'ambo. Mkono wa bahari uliotenganisha pande hizo ulijazwa zamani. Barabara iliyopita hapo, Creek Road, leo inaitwa Benjamin Mkapa. Tena nyumba nyingi za Ng'ambo zilibomolewa baada ya Mapinduzi yalipojengwa majumba ya Michenzani, kwa hiyo nyumba ya bibi inaweza isiwepo huku majirani zake wangali hai ndani ya majumba hayo.

Nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo dogo liitwalo shehia. Jitambulishe kwa nasaba yako, mweleze unachotafuta na uonyeshe kitambulisho. Sheha anawajua wakongwe wa shehia yake, na mtu aliyetumwa na sheha hupokewa kwa namna nyingine kabisa.

Kisha, baada ya alasiri, kaa kibarazani. Pale Jaws Corner, Sokomuhogo, watu hunywa kahawa chungu na kucheza dhumna na bao. Agiza kahawa, amkia, tulia. Usitoe daftari kabla hujaulizwa umetoka wapi.

Onyo kubwa: neno "nyumba"

Baada ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitwaliwa na serikali, na familia nyingine zikaingia. Waliomo leo wamezaa na kuzika humo. Mgeni anayesimama mlangoni akisema "hii ilikuwa nyumba ya babu yangu" anasikika kama mdai, na mlango hufungwa, si wa nyumba hiyo peke yake bali wa mtaa mzima.

Sema mapema na kwa uwazi: "Sikuja kudai nyumba wala kiwanja. Natafuta watu wangu, nijue tulitoka kwa nani." Usipige picha ya mlango kabla ya kuomba. Kama una dai la mali kweli, hilo ni jambo la mwanasheria na safari nyingine. Usilichanganye na hili.

Hatua ya 6: Kuzungumza na wazee

Piga hodi, toa shikamoo, uliza hali za nyumbani na uzisikilize. Taja ulikotumwa: "Nimeletwa na sheha" au "Nimetoka kwa Bi fulani wa Kiponda." Kabidhi sukari kwa mwenyeji wa ndani bila kuitangaza.

Toa picha kabla ya maswali. Mpe mzee aishike mwenyewe. Atainuka asogee mlangoni palipo na mwanga, ataiweka mbali kidogo na uso, ataanza na mtu asiyekuhusu: "Huyu wa kushoto ni mtoto wa fundi seremala." Mwache. Mtoto wa fundi seremala ndiye jirani, na kwa jirani utafika kwako. Nyuma ya nakala andika jina na nafasi ya kila mtu alivyotaja, palepale.

Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Akikataa, zima simu mbele yake na uandike ukishatoka.

Wanaume vibarazani watakupa mitaa, kazi, misikiti na siasa. Ndoa, talaka, watoto waliokufa, nani alimnyonyesha nani na nani alikuwa somo wa nani, hayo wanayo kina bibi ndani. Mwanamume anayetafuta ukoo aje na dada au mkewe, vinginevyo atarudi na nusu ya ukoo, ule wa baba tu.

Mambo mawili yanataka adabu ya ziada. La kwanza ni Mapinduzi: usimsukume mtu aseme aliyempoteza. Akigusa mwenyewe, sikiliza. La pili ni utumwa. Usiulize "alikuwa mtumwa?" Uliza "alikuwa wa nyumba ya nani?" Anayejua atajua unauliza nini, naye atachagua namna ya kukujibu.

Umefaulu hatua hii ukipata jambo moja kutoka kwa watu wawili ambao hawakukaa pamoja. Likitoka kwa mmoja, liandikie alama ya kuuliza.

Hatua ya 7: Nyaraka, Kilimani

Nenda asubuhi mapema. Kilimani ni nje kidogo ya Mji Mkongwe, safari fupi ya gari. Usiombe "faili la babu yangu." Nyaraka zimepangwa kwa ofisi iliyozitoa, si kwa majina ya watu. Omba kwa aina ya hati: uandikishaji wa mauziano na rehani, mirathi, mashauri ya mahakama, wakfu. Soma pia Gazeti Rasmi, lililoanza 1892. Matangazo ya mirathi humtaja marehemu na muda waliopewa wanaodai.

Hati ya mauziano ya nyumba inastahili saa yako nzima. Nyingi ziko kwa Kiarabu, na nyumba hutambulishwa kwa mipaka yake minne badala ya nambari. Maneno yake huenda hivi: fulani bin fulani amekiri kumuuzia fulani nyumba ya mawe iliyoko Kiponda, kibla yapakana na nyumba ya fulani, suheli njia, matlai nyumba ya warithi wa fulani, magharibi msikiti. Kibla ni kaskazini, suheli kusini, matlai mashariki. Karatasi moja imekupa muuzaji, mnunuzi, majirani wawili, msikiti, na mara nyingi mashahidi pia. Chora mraba kwenye daftari, andika majina hayo pande zote nne, kisha jioni urudi nao mtaani. Jirani wa kaskazini akitambulika, nyumba imepatikana hata kama jina la babu yako limeandikwa vibaya.

Kama husomi Kiarabu, panga na maalimu akusomee. Hati za mkono zina vifupisho na maandiko yaliyobanwa. Anayesoma gazeti la Kiarabu vizuri anaweza kukwama hapa. Za wafanyabiashara wa Kihindi zinaweza kuwa kwa Kigujarati.

Waliozaliwa na mababu watumwa wasidhani hawamo. Baada ya amri ya 1897 walioomba uhuru waliandikishwa, na jina la mtu huandamana na jina la bwana wake na mahali. Ni karatasi nzito kuisoma. Isome ukiwa na nduguyo.

Andika nambari kamili ya kila hati uliyoifungua, hata isiyokuwa na kitu, ili usilipie kuifungua mara ya pili.

Hatua ya 8: Milango mingine kulingana na asili yako

Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo ninayowasihi watu wasiiruke. Hati ya wakfu humtaja aliyeweka, na wanaonufaika: watoto, wajukuu, na mara nyingine walioachwa huru wa nyumba hiyo kwa majina. Ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu ziulizie mahakama ya kadhi. Vyeti vya vizazi na vifo viko kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii.

Wakristo waanze makanisani. Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph, Shangani, lilijengwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu miaka ya 1890, na Wagoa wengi walibatizwa kwao. Kanisa la Anglikana, Mkunazini, lilisimamishwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa 1873. Wazao wa walioachwa huru waliolelewa na misheni ya Kianglikana waulize pia habari za Mbweni, walikowekwa wengi wao. Kumbukumbu nyingi za misheni hiyo ziko Maktaba ya Bodleian, Oxford, na za Mapadre ziko Chevilly-Larue, karibu na Paris. Waismailia, Waithnaashari, Wabohora na Wahindu waende kwa jumuiya zao. Hapo barua ya utangulizi kutoka jumuiya ya mji unakoishi ina nguvu kuliko kitambulisho.

Hatua ya 9: Makaburini

Usitegemee maandishi. Makaburi mengi ya Waislamu hayana jina, na kaburi la babu yako hulijua mtu aliyekuwepo siku ya mazishi au aliyeonyeshwa na aliyekuwepo. Nenda na mzee au na kijana aliyetumwa na mzee, asubuhi kabla ya jua kali. Mwanakwerekwe ni pakubwa mno kwa kubahatisha.

Ukionyeshwa, soma dua kwanza. Kisha andika alama zisizohama: ukuta, njia, mti mkubwa ulio karibu, na uhifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu. Picha piga kwa ruhusa ya aliyekupeleka.

Hatua ya 10: Siku ya mwisho kabla ya boti

Iache tupu. Asubuhi pitia daftari lote ungali na uwezo wa kurudi mtaani kuuliza tahajia ya jina moja. Hamisha sauti na picha sehemu mbili tofauti, na kila rekodi uipe jina la mzungumzaji, mtaa na tarehe.

Kisha warudie waliokupokea. Wapelekee nakala ya picha waliyoitambua na karatasi ya nasaba uliyoijaza upya. Hapo mara nyingi mtu husema, "Hapa umekosea, huyu hakuwa mke wake wa kwanza," na kurekebisha jambo ambalo siku ya tatu hakuwa na uhakika nalo.

Chagua ndugu au rafiki mmoja anayeishi Unguja, mwachie nakala ya karatasi hiyo, nambari za hati zilizobaki kufunguliwa na majina ya wazee ambao hukuwahi kuwaona. Awatembelee wazee hao mmoja mmoja ndani ya mwezi huo, akianza na mkubwa wao kwa umri.